Matabishi

Mama Cibalonza anauza vifungo Kadutu,
vifungo na zipu na uzi wa kufumia,
na mimi, mtoto wa dada yake, niliyesoma kompyuta
miaka miwili na nusu
(nusu iliyobaki ilikosa karo),
nikapewa kazi: "Nitafutie duka lisilo na paa,
lakini lisivuje."

Nilianza na programu inayosifiwa, ya kulipia kila mwezi,
dola ishirini na tisa.
Duka jeupe kama sahani ya harusi,
msichana anacheka, ameshika kiatu kimoja.
Mama akamtazama. "Anachekea nini?
Na mwezi ule mvua ikifunga barabara ya Kamituga,
fundi haji, mteja haji, atacheka bado?"
Nikasema, mwezi huo atafunga mlango.
"Basi huyo si muuzaji. Ni mwenye nyumba."

Nyingine ilitaka kadi.
"Kadi ninayo," akasema,
akatoa ile ya kupigia kura.

Hiyo hiyo ikaniuliza namba ya posta ya mteja.
Nikaandika sifuri. Ikakataa.
Nikaandika sifuri tano. Ikanishukuru kwa jina.
Lakini fundi Murhula hakai kwenye sifuri tano,
anakaa ngazi ya tatu ukiteremka kutoka kanisani,
uliza kwa mama wa mikate, mbwa haumi.
Nilitafuta sana mahali pa kuandika
mbwa haumi.

Kisha ile ya bure.
Bure, ila uitafutie mwenyewe pa kulala,
uishone ikichanika,
na umeme ukirudi saa nane usiku, dakika arobaini tu,
uamke uisasishe kabla wezi hawajaamka.
"Mbuzi wa zawadi," akasema Mama.
"Mbuzi wao, majani yangu."

Bado hatujachagua, tukaanza kupiga picha,
kimoja kimoja, juu ya sinia iliyogeuzwa,
kwa taa ya sola ya jirani:
vya matundu mawili, vya matundu manne,
vya pembe, vya shaba, vya kanzu ya padri,
aina mia sita na kitu, mgongo ukaniuma,
hadi kile cha kijani, alichokikata kwenye gauni lake
usiku ule walipokimbia, akakishika kiganjani
mpaka mjini.
Nikadhani atakiweka kando.
"Nacho piga.
Andika: kimekwisha."

Nikaandika.

Asubuhi, akimenya ndizi, akauliza:
"Na matabishi yataingia wapi?"
Nikamwonyesha penye punguzo, asilimia, tarehe ya mwisho.
Akatikisa kichwa. "Punguzo ni kukata. Mimi naongeza.
Fundi akilipa dazani, namtilia cha kumi na tatu,
na hajui kama nitatia kimoja au viwili,
hata mimi sijui, mkono ndio unajua."
Nikasema tuandike dazani ni kumi na tatu.
"Hapo ataniomba cha kumi na nne."

Kwa hiyo tukamchukua mbuzi.
Siyo kwa uzuri wake, kwato zake nazijua,
wiki nzima ilinigomea mpaka nikalia machozi ya kweli.
Lakini ngozi yake inashoneka:
nikatia malipo ya simu,
nikatia nafasi pana ya kuelekeza njia, na mbwa ndani yake.
Matabishi sikuyatia. Nilijaribu. Hayakukaa.

Oda ya kwanza ikatoka Uvira, vifungo ishirini na vinne.
Mama akahesabu ishirini na vinne,
akafunga mfuko,
akaufungua tena.

Tangu siku hiyo kompyuta na debe hawasikilizani.
Jana kompyuta ilisema vya shaba viko mia tatu na vinne,
debe likasema mia mbili na tisini.
Nikamwambia, Mama, vimepotea kumi na vinne.
Hakuinua hata macho kwenye uzi.
"Havijapotea. Viko kazini."