Kuwaka

Tumelala watatu ndani ya gari la mizigo,
tunanuka petroli na vitunguu vya jana.
Gethin kaamka kabla ya kunguru wa Cadwell,
anaipapasa BSA tumboni kama mkunga:
"Leo itawaka."

Haiwaki.

Tunaisukuma, tope la Lincolnshire hadi magotini,
Hazel anahesabu, moja, mbili, moja, mbili,
hata ikakohoa, ikapiga chafya,
ikatutemea usoni
moshi wa mwaka sitini na moja.

Mizunguko minne. Mnyororo ukakatika.

Jioni namfuta Gethin mafuta shingoni.
"Nilikuwa wa ngapi?"
"Wa mwisho," namwambia. "Lakini wa mbele yako
ulishaanza kumsikia."

Kanyamaza. Chai imepoa kwenye kifuniko cha chupa.
Kisha mkono, mweusi, wazi:
"Nipe spana."