Mdai wa Saa Tisa

Saa tisa ya usiku habishi hodi.
Anaingia moja kwa moja kwenye shavu la mguu wa kushoto,
anakunja ngumi ndani ya nyama yangu
na kuizungusha, kama fundi anayekaza nati
asiyejua kwamba imeshafika mwisho.

Naruka. Kichwa kinagonga mti wa chandarua.
Nyevu anawasha simu, ananimulika:
"Ni yeye?"
Ni yeye.

Mchana kutwa nakokota chumvi Gongoni.
Chumvi kwenye nyusi, chumvi ndani ya viatu vya mpira,
jua la juu, na jua la pili linalorudi kutoka chini, jeupe.
Shati likikauka husimama lenyewe.
Pipa la maji liko mbali, maji yake vuguvugu,
na msimamizi huhesabu magunia, hahesabu vikombe.
Basi kiu naiahirisha. Naiambia: jioni.
Jioni nashuka Muyeye kwa lori la mwisho,
nakunywa chai ya rangi, nalala.

Mwili ni muuza duka mwenye daftari.
Mchana anakukopesha bila neno;
usiku ndipo anapotuma mtu.

Mama Kahaso wa mlango wa pili anasema si bure,
kuna kitu umekanyaga.
Fundi cherehani anasema weka sabuni chini ya shuka,
ya mche, si ya unga.
Niliweka. Shuka lilinukia vizuri.
Mguu ulikakamaa vilevile.
Binamu yangu Ngonyo akasema: "Umepungukiwa na chumvi."
Mimi!
Nilicheka hadi nikapaliwa.

Muuguzi Zawena hakucheka.
Aliubonyeza mguu, akauliza mambo ya ajabu:
Wasimama saa ngapi? Wanywa nini, na lini?
Kuna dawa unazomeza?
Shuka mnalichomeka chini ya godoro?
Tunalichomeka, nikasema, kwa ajili ya mbu.
"Basi linakukandamiza vidole usiku kucha,
na msuli uliolala umefupika
hauhitaji uchokozi mkubwa."
Kisha akaweka kalamu chini.
"Lakini sikufichi: mara nyingi hatujui kwa nini."
Nilimpenda kwa hilo. Mtaani kwetu kila mtu anajua.

Sasa, kabla ya kulala, nasimama mbele ya ukuta,
viganja ukutani, mguu mmoja nyuma,
kisigino kimeng'ang'ania sakafu,
naegemea, nahesabu hadi thelathini.
Mtoto wa Mama Kahaso alichungulia dirishani:
"Mama, anasukuma nyumba!"
Kazini naenda na chupa ya lita mbili
niliyoivika gunia lililoloweshwa,
nakunywa kabla kiu haijaniomba.
Shuka tumelilegeza; mbu wamefurahi.

Hajaacha kuja. Siwezi kusema uongo.
Ila alikuwa anakuja kila usiku kama mpangaji,
siku hizi anakuja kama shemeji wa mbali,
mara moja, na bila mizigo.

Jana hakuja kwangu.
Alikwenda kwa Nyevu, mwenye mimba ya miezi saba
(mimba nayo hukaza miguu, Zawena alituonya),
akapiga yowe, nikageuka kumshika,
na kule kugeuka tu, pap! na wangu.
Watu wawili, kitanda cha futi nne,
kila mmoja ameshika mguu wake kama kuku wa sikukuu,
tunalia, tunacheka, tunalia.

"Lete unyayo," akasema.
Akaweka wake juu ya wangu,
kisigino kwa kisigino, akasukuma.
Nikasukuma.
Vidole vyetu vikarudi nyuma, kuelekea magotini,
polepole, kama mlango wenye kutu.
Wake ulilegea kwanza. Niliusikia
ukiachia, kupitia ngozi yangu.
Hatukuondoa miguu hata baada ya hapo.

Mwishowe niliinuka, nikachechemea hadi kwenye mtungi.
Vikombe viwili.
Nilivihesabu.