Uzito wa Karatasi

Muhula wa mwisho ulianza na daftari la kuazima kamera:
jina, namba, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha,
na lenzi moja ya milimita hamsini
ambayo mimi na Achola tuliipangia zamu
kama wake wenza wanavyompangia mume.
Jumamosi ilikuwa ya wenye harusi,
maana karo haisubiri mwanga mzuri.

Nilipiga magoti Milimani mbele ya keki ya ghorofa tano,
nikapiga magoti Nyalenda mbele ya mtoto wa ubatizo
aliyekataa katakata kucheka,
nikarudi bwenini na vumbi la mitaa miwili,
nikawalainisha maharusi nyuso hadi usiku wa manane
ilhali kazi yangu mwenyewe haikuwa na uso.

Bi. Jerop alizipitia picha zangu kumi na mbili
bila kuketi.
Gugumaji. Gugumaji tena.
Mzee fulani anatazama mbali.
"Huyu ni nani?"
Sijui, nikasema.
"Basi naye hakujui. Nenda kwenu."

Kwetu ni Webuye, nyuma ya dohani isiyotoa moshi.
Hata ile harufu ya yai viza tuliyoilaani,
iliyokula mabati na kutukohoza,
siku hizi watu huitaja
kama jirani mkorofi aliyehama.

Baba alikuwa mpima karatasi, mashine ya pili, zamu ya usiku.
Nikamweka mbele ya lango lenye kufuli:
simama hapo, usitabasamu, inua kidevu.
Nilitaka kutu imzunguke.
Kusema kweli, nilitaka alama.
Akaikazia lenzi macho
kama anavyomkazia karani wa mkopo.
"Unataka nife kwenye picha?
Hapa niliondoka kwa miguu yangu.
Nipige nikifanya kazi."
Kazi gani, Baba?
Akaenda zake kukama ng'ombe.

Siku tatu nilimfuata, kadi tupu.
Ya nne nikaona.
Risiti ya duka la pembejeo,
bahasha ya mchango wa matanga,
daftari la hesabu la mtoto wa Nanjala:
kila karatasi iliyomfikia ilipita kwanza
kati ya kidole gumba na cha shahada,
mara moja, polepole,
macho nusu yamefumba,
kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi wa mwenzake.
Halafu ndipo aisome.
Nikabonya. Hakusikia.

Chuoni chumba cha giza kimekuwa stoo ya viti vilivyovunjika,
kwa hiyo nilichapisha mjini, juu ya duka la dawa,
na harusi mbili nzima zikaishia kwenye wino.
Fomu ya kuondoka ilidai mihuri saba:
maktaba, bweni, zahanati,
hata michezo, nami sijawahi kugusa mpira.
Stoo ya kamera tulikwenda wawili.
Achola alishika kifuniko cha lenzi hadi mwisho,
msimamizi akambandua vidole kimojakimoja.

Siku ya maonyesho Baba alikuja na koti la kanisani.
Akapita picha za wenzangu kwa adabu,
mikono nyuma, kama mgeni kwenye shamba la mtu.
Akafika kwenye vidole vyake,
vikubwa kama mlango.
Watu wakamtazama yeye, wakatazama ukuta.
Yeye hakutazama.
Pembeni paliandikwa USIGUSE.
Akaishika kona, akaisugua mara moja, polepole.

"Gramu mia mbili na arobaini."
Akaikunjua kidogo kuchungulia mgongo wake.
"Imetoka nje hii."
Kisha, kwa kulazimika:
"Lakini imekaushwa vizuri."

Hakuiachia.
Bi. Jerop, aliyeandika kile kibao kwa mkono wake,
akageuka kuangalia dirisha.
Mkono wangu ulipapasa kifuani, ukatafuta kamba ya kamera.
Tuliirudisha Jumanne.