Vidonge vya Arvīds

Wiki ya tatu Velta anajifukiza
juu ya sufuria ya viazi, taulo kichwani,
kama alivyofukizwa na mamake, Daugavpils,
theluji ikizika reli za tramu anayoiendesha.
Maji ya chumvi puani. Kitunguu. Asali.
Shavu la kushoto bado linapwita;
akiinama kufunga buti
uso mzima unataka kudondoka.

Kwenye droo, vidonge vitano vya marehemu,
antibayotiki aliyoikatiza alipopata nafuu.
“Mtu wa kubakiza, wewe,” anaiambia droo,
na kumeza kimoja.
Cha pili anakitema kiganjani,
kinaacha doa la waridi, na uchungu:
hiki kiliandikiwa kifua chako, Arvīds,
mimi nakila kwa sababu ni chako.

Daktari Kalve hakugusa kalamu.
“Harufu mbaya? Upande mmoja tu?”
Akagonga jino la juu kwa mpini wa kioo.
Velta akaruka kitini.
“Pua yako haina kosa, mama.
Inavujiwa na jirani.”

Akitoka, miadi ya kung’oa mfukoni,
alipita sokoni kununua viazi.
Safari hii, vya kula.