Ile ya Nne

Ndahani anasema hakuna kama ile ya kwanza:
chombo kinaitwa Nyuki, kinapaa, mabati yanatetema,
na nahodha, kofia kichwani kama mkuu wa stesheni ya Kintinku,
anahesabu kurudi nyuma mpaka sifuri.

Namwambia hiyo ni ya watoto.
Moshi na vitufe.
Yenye maana ni ya saba, ya karani wa redio
aliyeachwa peke yake kwenye mwezi wa mawe
akisubiri jibu litakalokaa njiani miaka arobaini,
na kila asubuhi ananyoa ndevu
lisije likamkuta mchafu.

"Unaipenda kwa sababu na wewe ni karani."
Sibishi. Nina miaka kumi na tisa masijala,
nalijua faili linavyochelewa.

Tuko Makole, uani kwa dada yetu Sechelela.
Upepo wa Agosti unatia vumbi kwenye bakuli la mlenda.
Hatujakaa watatu pamoja tangu msiba wa mama,
na tunagombania picha za mwaka themanini na saba.

Sechelela anamenya karanga, hainui kichwa.
"Ya nne," anasema.

Ya nne hatukuiona.
Yaani tuliiona nusu.

Mvumi, kibanda cha Chibago, shilingi tano mlangoni,
magunia yametundikwa kuziba mwanga,
televisheni mpaka ipigwe kofi ndipo itulie.
Pembeni Lechipya, mguu mmoja juu ya kreti,
anatufasiria.
Nahodha kwake alikuwa mtemi,
roboti alikuwa "yule bati mwenye adabu,"
na kila sayari waliyotua, mvua ilikuwa imegoma.
Tuliona ni kawaida. Hata kwetu ilikuwa imegoma.

Siku hiyo Nyuki amezama kwenye tope,
anadidimia taratibu kama yule tembo
anayesemwa ndiye aliyeupa mji huu jina.
Tope limefika dirishani.
Mkono wa roboti uko nje, vidole vitatu,
jenereta likakohoa,
likafa.

Hakuna aliyedai hela yake.
Gizani, Lechipya akaendelea.

Akasema yule bati alijifungua kifua
akatoa betri, akampa mtoto wa fundi imulike njia.
Akasema: nendeni, mimi nitabaki kuwa mlango.
Akasema walitembea siku tatu,
na waliporudi na kamba
wakakuta kisima,
na maji yake, ukichota, yana joto kidogo,
kama kuna mtu ametoka kuyashika.

"Joto kidogo," anasema Sechelela,
na ganda la karanga linamponyoka.

Ndahani kashaitoa simu. Kijana wake kamuwekea bando.
Anatafuta, anakosea, anatafuta,
na kweli ipo, rangi zimepauka,
Kiingereza ambacho siku hizi tunakisikia wenyewe.
Tunabana vichwa.
Tope dirishani. Mkono nje, vidole vitatu.
Kisha chombo kingine kinashuka na mnyororo,
kinawavuta wote, roboti na mtoto wa fundi na wote,
nahodha anatania kuhusu viatu vyake,
wanacheka,
majina yanapanda.

Hata dakika mbili haikufika.

"Kumbe Lechipya alitupiga," anasema Ndahani.

Sechelela anaichukua simu, anaifuta vumbi kwa ncha ya kanga,
anamrudishia mwenyewe.
"Hao," anasema, "ndio walioishiwa mafuta."

Ndahani anacheka mpaka anakohoa,
halafu anarudi palepale, kwamba hata hivyo
ya kwanza ndiyo ya kwanza,
na kidole chake kinateremka kwenye kioo:
ya tano, ya sita.

Zile ndevu.
Alinyoa kweli yule karani,
au ni Lechipya?

"Ya saba iache," namwambia.
"Chaji inaisha."
Ilikuwa sitini na nne.