Vifungo vya Mama

Februari, Kaunas, mto umeganda toka ukingo hadi ukingo,
nami, mwanamke wa miaka arobaini na sita,
kondakta wa basi la umeme niliyepunguzwa kazini,
nimemaliza kuandika ukurasa wangu wa kwanza:
duka la vifungo la mama,
lililofunguliwa alipokuwa bado na meno yote.

Nilijiona fundi. Maandishi niliyapaka kijivu
juu ya nyeupe, hafifu kama pumzi kwenye kioo,
kwa kuwa niliona mabingwa wanapenda hafifu.
Nikayapunguza mpaka yakawa chawa.
Na ule mstari wa buluu unaozingira kiungo
mtu akipita kwa kibodi, niliufuta;
uliniudhi, kama uzi uliosahaulika kwenye pindo.

Akaja Zenonas, mrekebishaji wa piano, mstaafu,
asiyeona tangu utotoni, mteja wa miaka thelathini.
Akaweka kompyuta yake kauntani, kati ya mkasi na chai,
akasema, "Haya, tufungulie duka."

Sauti ya mashine ikatoka mbio:
picha. picha. picha. elfu mbili kumi na tisa mstari-chini sifuri nne.
kiungo, bofya hapa. kiungo, bofya hapa. bofya hapa.
kisanduku, tupu. kisanduku, tupu.
Na yote kwa lafudhi ya Mwingereza anayetafuna kiazi cha moto,
maana mstari wa juu kabisa niliunakili kwenye somo,
na somo lilikuwa limeapa kwamba ukurasa ni wa Kiingereza.
Kilithuania chetu kikateguka kila kiungo.

Mama alicheka mpaka akashika kaunta.
Zenonas hakucheka. Alibonyeza, akabonyeza,
akitafuta pa kuagizia.
"Kitufe kiko wapi?"
Kipo, nikasema, chekundu, kikubwa, hapo chini.
"Hakipo. Umechora kitufe. Hujaweka kitufe."

Kifungo ni cha shati, kifungo ni cha jela.
Nilitangaza cha kwanza,
nikamtia mteja katika cha pili.

Usiku ule nilibadili lugha, herufi mbili tu,
na sauti ikarudi nyumbani, ikavua viatu.
Visanduku nikavipa majina: Anwani. Idadi.
Kichwa kikawa kichwa kweli,
si maneno yaliyonenepeshwa tu.
Kijivu nikakitia wino, mpaka mama,
bila miwani, akasoma bei
na kulalamika kwamba tunauza ghali.
Mstari wa kuzingira nikaurudisha, manjano sasa, mnene,
utembee ukurasani kama kurunzi ya mlinzi.

Picha zilinishinda.
Niliandika: kifungo cheusi.
Zenonas, simuni: "Cheusi kitanifaa nini?
Niambie kidole kitakuta nini."

Nikakata simu, nikamwaga kopo zima mezani,
nikafumba macho.

Pembe. Matundu mawili, ukingo umekwaruzika.
Shaba. Kitanzi nyuma, nanga mbele, kizito kuliko unavyodhani.
Mti. Laini; ukikisugua kinanukia kidogo.

Nimekulia humu dukani. Nimelala juu ya magunia yake.
Sikuwahi kujua kwamba vile vya buluu
vina kibonyeo katikati, mahali pa kidole gumba.

Ijumaa oda ikaingia, ya kwanza:
sita, vya pembe, vya koti.
Na katika kisanduku cha maelezo, ambacho sasa kina jina,
"Kitufe nimekipata.
Ila kuna 'bofya hapa' moja imebaki, karibu na anwani.
Hapa wapi?"