Farasi Aliyerudishwa

Mimi nilikuwa mtoto wa zizini pale Wexcombe,
kazi yangu kusugua kwato na kunyamaza.
Basi niulizeni mimi, msiwaulize waliochonga jiwe lake kanisani:
jiwe limeandikwa SHUJAA, likaishia hapo,
na nafasi iliyobaki wameijaza majani ya marumaru.

Meja Ambrose Tredgold alinunua cheo chake
kama mtu anunuavyo kabati: pauni elfu tatu na ushei,
baba yake akikagua bawaba.
Vita alivipata bure.
Kando ya mto mmoja huko Punjabi, asubuhi ya ukungu,
tarumbeta ikalia, wakateremka mia mbili na kumi,
na kabla chai haijapoa kambini
farasi wake alikuwa amelala na risasi shingoni,
yeye chini, mguu umebanwa, upanga umepinda kama mundu.

Akashuka askari wa kawaida, Enoch Mudge,
mwana wa mchoma chokaa wa kwetu,
akamwinua, akampandisha juu ya farasi wake mwenyewe,
akampiga yule mnyama kofi la kiunoni.
Hakusema neno. Mudge si mtu wa maneno.
Alirudi kwa miguu, siku ya tatu,
bila vidole viwili, bila jicho la kushoto.

Meja akapewa nishani. Mudge akapewa viatu.

Ukitoka vitani na nishani, bunge ni mlango wa pili.
Akaambiwa asimame, akasimama;
akaambiwa aketi, akaketi miaka kumi na minne
benchi la nyuma,
akiitikia pale wenzake walipoitikia,
akisinzia kama farasi asinziavyo, macho nusu.

Kura siku zile ilikuwa ya mdomo.
Unapanda jukwaani sokoni, mbele ya mwenye shamba lako,
mbele ya mwokaji anayekudai,
unalitamka jina, karani anaandika.
Bia ilikuwa ya Meja, mapipa kumi na moja; niliyaviringisha mimi.
Watu wakapanda: Tredgold. Tredgold. Tredgold.
Akapanda Mudge, kofia mkononi,
akamtazama Meja kwa lile jicho lililobaki,
akasema taratibu, kama anayetaja bei ya chokaa:
"Josiah Fennimore."

Soko zima likameza mate.
Meja aligusa ukingo wa kofia. Hilo tu.
Lakini wakala wake, Bwana Crale, hakuhitaji kuambiwa.
Kufikia Jumatatu vyombo vya Mudge vilikuwa barabarani:
kitanda, saa ya ukutani, kuku wawili kwenye kikapu,
na mvua ya Machi haichagui.

Meja alipopata habari alikuwa mezani, kisu ndani ya samaki.
Hakumaliza. Akaja zizini na taa,
akamchagua Damsoni, jike mweusi mwenye soksi moja nyeupe.
"Mpelekee. Usiseme ametoka kwa nani."
Maili tisa gizani, nikicheka peke yangu:
nani mwingine kule alikuwa na farasi kama huyo?

Alfajiri ya pili tukamkuta langoni,
amefungwa kwa kamba mpya,
kwato zimepakwa mafuta, mkia umesukwa,
tumbo limejaa shayiri ambayo Mudge hakuwa nayo.
Barua hapakuwa. Mudge hakujua kuandika.
Meja aliusoma ule mkia kwa muda mrefu.

Kiangazi ukaletwa mswada wa kura ya siri.
Chama chake kiliupinga. Yeye akasimama,
mara ya kwanza na ya mwisho; mpishi alitusomea gazetini:
"Nimemwona mtu mmoja akiwa jasiri mara mbili.
Mara ya kwanza ilinifaa mimi, tukaiita ushujaa.
Maskini asidaiwe ushujaa ili apige kura."
Gazeti likaongeza kwamba sauti yake haikusikika vizuri.

Kiti akakipoteza, bila shaka.

Nakumbuka kibanda cha mbao ndani ya shule,
penseli imefungwa kwa uzi.
Mudge akaingia, akatoka. Meja akaingia, akatoka.
Mlangoni wakakutana, wazee wawili.
"Mvua," akasema Meja.
"Mvua," akajibu Mudge.
Kila mtu akashika njia yake.

Nani alimpigia nani, hata mimi sijui,
nami nimekaa zizini miaka hamsini
nikijua kila kitu.